Samaki mzima wa kuchoma nyumbani: anayeng'ang'ania wavu ana maji, hajakosa viungo

JikoLaUani (Uyole, Mbeya)

Ndugu zangu, salaam. Nimeanzisha uzi huu baada ya kusoma kwa muda mrefu maelekezo ya samaki wa kuchoma ambayo karibu yote huanza na msururu wa viungo, tangawizi, kitunguu saumu, bizari, pilipili manga, mtindi, huku jambo linalowaangusha wapishi wengi wa nyumbani, yaani samaki kung'ang'ania wavu na kuvunjika anapogeuzwa, likitajwa kwa sentensi moja au lisitajwe kabisa.

Aibu hiyo naijua. Miaka kadhaa iliyopita wakwe zangu walikuja kututembelea kutoka Njombe, nami nikanunua sato watatu wa karibu nusu kilo kila mmoja, nikawapaka rojo la viungo tangu asubuhi, na jioni nikawalaza juu ya wavu uliotoka kuoshwa na ambao bado ulikuwa na matone ya maji. Nilipojaribu kumgeuza wa kwanza, ngozi yote ilibaki kwenye wavu, kichwa kikabaki upande wake, na mimi nikabaki na mkia mkononi. Mama mkwe, kwa heshima zake, akasema kwamba mchuzi wa samaki nao ni chakula kizuri, na kweli usiku ule tulikula mchuzi.

Tangu hapo nimechoma samaki wengi, na nimefikia msimamo kwamba samaki mzima anahitaji mambo matatu kabla ya kiungo chochote: ngozi kavu, wavu wa moto, na mpishi asiyemgusa kabla ya wakati. Sababu yake si ya kishirikina. Nyama ya samaki ina protini ambazo hushikana na chuma zinapopata joto zikiwa zimegusana nacho. Ngozi ikiwa na maji, joto la mwanzo lote linaishia kuyageuza maji hayo kuwa mvuke, kwa hiyo ngozi inachemka badala ya kuchomeka, inalainika, na inakuwa kama gundi. Ngozi iliyokauka, ikikutana na chuma chenye joto kali na mafuta kidogo, hukakamaa mapema, na baada ya dakika chache hujiachia yenyewe bila kulazimishwa.

Nitaeleza ninavyofanya kwa perege au sato wa nusu kilo, kwa sababu ndio wanaopatikana kwa urahisi hapa Mbeya, iwe wametoka Ziwa Rukwa, Kyela, au kwenye mabwawa ya wafugaji. Namchagua mwenye macho yaliyotuna na maangavu, matamvua mekundu, na nyama ambayo nikiibonyeza kwa kidole inarudi. Nyumbani aparwe magamba, atolewe matumbo bila kupasua nyongo, na matamvua yang'olewe. Kisha ile damu nyeusi iliyolala kando ya uti wa mgongo ikwanguliwe kwa ncha ya kijiko mpaka iishe, kwa kuwa shombo nyingi ambayo watu hujaribu kuifukuza kwa tangawizi hutoka hapo. Samaki akioshwa vizuri sehemu hiyo, utashangaa jinsi viungo vinavyopungua umuhimu.

Napiga chale tatu za mshazari kila upande, zikikaribia mfupa pale mgongoni penye nyama nene. Napaka chumvi ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, nje, tumboni na ndani ya chale, kisha namwacha nusu saa. Chumvi huvuta maji, nayo yataonekana yakikusanyika juu ya ngozi. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa sababu tunayaona maji hayo na kumpeleka samaki motoni hivyo hivyo. Yafutwe kwa kitambaa safi, nje na ndani, kisha samaki alazwe juu ya chekecheke au wavu mahali penye upepo, akiwa amefunikwa chandarua chepesi cha chakula dhidi ya nzi. Sisi wa Mbeya tumejaliwa upepo mkavu na wa baridi kuanzia Juni hadi Agosti, na saa moja tu ya upepo huo huifanya ngozi iwe kavu kama karatasi.

Mkaa uachwe uwake mpaka uvae majivu meupe na miali iishe. Nausogeza mwingi upande mmoja wa jiko na kuacha upande wa pili ukiwa na mkaa mchache, ili nipate mahali pa kumkimbizia samaki endapo mafuta yatadondoka na moto kuruka. Kipimo changu ni kiganja: nikikiweka kama sentimita 10 juu ya wavu na kuweza kuvumilia sekunde tatu au nne, moto unafaa, nikishindwa hata sekunde mbili, nasubiri. Wavu mtupu ukae motoni dakika tano, ukwanguliwe, kisha usuguliwe kwa nusu ya kitunguu iliyochovywa kwenye mafuta ya alizeti na kuchomwa kwenye uma. Samaki naye apakwe mafuta membamba, alazwe, na aachwe.

Kuachwa huko ndiko kugumu. Asisukumwe wala asichunguliwe kwa dakika sita au saba. Ukimwinua kidogo kwa kijiko bapa cha kugeuzia chapati na ukaona anagoma, bado hajaiva upande huo. Mpe dakika moja zaidi na umjaribu tena. Anageuzwa mara moja tu. Ndimu inakuja mwisho, akiwa mezani, kwa sababu asidi yake ikikaa juu ya nyama mbichi kwa saa nzima huigeuza kuwa nyeupe na ya kumong'onyoka, na samaki wa namna hiyo hawezi kugeuzwa na mtu yeyote.

Naomba maoni, hasa ya watu wa ziwani.

MtuWaMatema

Ndugu JikoLaUani, umeeleza vizuri, ila umeandika kama mtu ambaye samaki wake wote ni perege. Perege, ambaye wengine kwetu wanamwita magege, ni samaki wa kumdekeza mpishi: mifupa yake ni mikubwa, inaonekana, na ngozi yake ni nene. Njoo kwa mbasa, ambaye ndiye fahari ya Ziwa Nyasa, uone kama chale tatu zitakutosha. Mbasa ana nyama tamu sana, lakini ana miiba midogo midogo iliyojipachika ndani ya nyama yenyewe, mbali na uti wa mgongo, na mgeni asiyemzoea anaweza kumaliza saa nzima akitema.

Dawa yake ni kumchanja chale za karibu karibu, zisizozidi nusu sentimita kati ya moja na nyingine, kutoka nyuma ya kichwa hadi mkiani, bila kukata uti wa mgongo. Kisu kiwe kikali kweli kweli. Chale hizo huikata miiba vipande vifupi, kisha moto huikausha na kuilainisha kiasi kwamba ile ya mkiani unaitafuna bila kuihisi. Kwa samaki wa namna hiyo wavu wa kubana, ule wa pande mbili wenye mshikio, ni bora kuliko wavu wa kawaida, kwa sababu nyama iliyochanjwa sana haiwezi kujishikilia yenyewe.

Jambo la pili ni jani la mgomba. Hujalitaja, na kwa mtu anayepitiwa na migomba ya Tukuyu kila wiki hilo ni kosa. Jani hupitishwa juu ya moto sekunde chache mpaka libadilike rangi na kuwa laini, hupakwa mafuta, kisha samaki hulazwa juu yake na vyote kuwekwa kwenye wavu. Hashikani na chuma kwa sababu hakigusi.

Kihesa_Juu (Iringa)

Nawashukuru wote wawili. Mimi nina maswali mawili na ushuhuda mmoja.

Swali la kwanza linahusu mwinuko. Sisi wa Iringa tunajua kwamba maharage huku hayaivi kama ya Dar es Salaam, na mafundi wa sayansi wanatuambia ni kwa sababu maji huchemka kwenye joto dogo zaidi. Je, kwa samaki wa kuchoma dakika hizo sita au saba ni za Mbeya tu, au mtu wa Matema azipunguze?

Swali la pili: samaki wetu wengi hutoka bwawa la Mtera, na wanapofika mjini huwa wamelala kwenye barafu, na wengine wamegandishwa kabisa. Nimefuata utaratibu wa kufuta maji, lakini samaki aliyetoka kwenye friza anaendelea kutoa maji kama chemchemi.

Ushuhuda wangu ni kwamba marehemu baba hakuwahi kumpara magamba samaki wa kuchoma. Alimtoa matumbo, akamtia chumvi, akamweka motoni na magamba yake. Magamba yaliungua, ngozi ikatoka nzima kama koti, na nyama ya ndani ikawa na majimaji kuliko ya samaki yeyote niliyewahi kumla baadaye. Wala sikumbuki akimvunja hata mmoja.

JikoLaUani (Uyole, Mbeya)

Nianze na marehemu mzee, kwa kuwa alikuwa sahihi na mimi nilipaswa kulisema hilo. Magamba ni ngao: yanapokea ukali wa moto, yanazuia nyama isikauke, na chuma kinashikana nayo badala ya ngozi. Anayekubali kuitupa ngozi achukue njia ya mzee bila wasiwasi, tena ndiyo rahisi zaidi kwa anayeanza. Mimi sikubali kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba ngozi iliyokauka na kuwa krispi ndiyo ninayoipenda kuliko nyama.

Kuhusu mwinuko, sayansi ya maharage ni ya kweli. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi joto zipatazo 94 badala ya 100, hivyo chochote kinachopikwa ndani ya maji huchelewa. Samaki wa kuchoma hapikwi ndani ya maji. Anapikwa na joto linalotoka moja kwa moja kwenye mkaa, ambalo ni mamia ya nyuzi, na nyama yake huiva ikifika nyuzi 63 pale katikati. Kinachotuchelewesha huku juu ni baridi na upepo: samaki aliyelala nje usiku wa Julai huingia motoni akiwa baridi mno, na upepo hulipuliza joto la jiko pembeni kabla halijamfikia. Mtu wa Matema, aliyeko karibu mita 470 tu na anayechoma kwenye joto la ufukweni, huenda akamaliza dakika moja mapema. Kinga jiko kwa bati upande wa upepo, na tofauti hiyo itakaribia kwisha.

Kwa samaki aliyegandishwa, kosa ni kumyeyusha haraka kwa maji ya moto au juani. Barafu iliyojijenga ndani ya nyama imekwisha kupasua tishu zake, kwa hiyo atatoa maji vyovyote vile. Suala ni kumpa muda ayatoe yote kabla ya moto. Ayeyuke usiku kucha sehemu ya chini ya friji, akiwa ameinuliwa juu ya kijiwavu ndani ya sinia ili asilale kwenye maji yake. Asubuhi afutwe, atiwe chumvi, afutwe tena baada ya nusu saa, na tena kabla ya kuwekwa motoni. Hafikii ubora wa samaki mbichi, lakini havunjiki.

MtuWaMatema, nakubali kosa la mbasa. Kwa jani la mgomba nakubali nusu. Samaki juu ya jani ni mtamu, ila upande wake wa chini anapikwa kwa mvuke wa jani, na anayetaka alama za moto na ngozi kavu hatazipata. Karatasi ya alumini nayo ni hivyo hivyo, tena bila ile harufu nzuri ya jani.

MamaWaRungwe (Tukuyu)

Wanangu, mnazungumza kama watu ambao hawajui mvua. Huku kwetu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na huo upepo mkavu wa Uyole tunausikia kwenye simulizi tu. Nikimwanika samaki nje saa moja, atarudi amelowa kuliko alivyotoka. Mimi hufuta kwa kitambaa, kisha hunyunyiza unga wa mchele kidogo sana, kiasi cha vumbi tu, na kuupangusa uliozidi. Unga hunywa unyevu uliobaki na kuifanya ngozi ikauke haraka. Unga wa sembe nao unafaa, ila ukizidi unaungua na kuacha uchungu.

Lakini nimekuja hasa kwa jambo jingine. Kuna watakaosoma hapa, waone mvua na baridi, na kuliingiza jiko la mkaa ndani ili wachome samaki na kuota moto kwa wakati mmoja. Msifanye hivyo. Mkaa uliokwisha kuwaka, usio na moshi, ndio unaoonekana salama, na ndio unaotoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Anayeivuta huanza na kichwa kuuma na usingizi, na wengi hulala moja kwa moja. Chomeni barazani au chini ya paa lililo wazi pande zote, na jiko lisiingizwe chumbani hata baada ya samaki kuiva na mkaa kuonekana umekwisha.

MbaoZaMafinga

Shikamoo mama. Niongeze upande wa kuni, kwa kuwa huku Mafinga mabaki ya mbao yako kila kona na watu huyageuza kuwa moto wa kuchomea.

Paini haifai. Ina utomvu mwingi, moshi wake ni mweusi, na masizi yake humwachia samaki ladha ya lami ambayo hata ndimu tatu haziiondoi. Milingoti ikikauka vizuri na kufikia kuwa makaa matupu inavumilika, lakini moshi wake ukiwa bado mbichi una ukali wa dawa ya kifua. Mkaa wa miwati, unaopatikana kwa wingi kuelekea Njombe, ndio ninaoupendelea kwa samaki: ni mzito, hauruki cheche ovyo, na hukaa na joto moja kwa muda wa kutosha kuchoma samaki wanne kwa zamu.

Vipande vya nguzo au mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani, visikaribie jiko kabisa. Dawa hiyo kwa kawaida ina shaba, kromiamu na aseniki, na moto hauiondoi sumu hiyo. Sehemu inapanda na moshi, nyingine inabaki kwenye majivu.

NdioNaanza (Mbeya mjini)

Ndugu zangu, mimi sina kipimajoto. Nitajuaje kwamba samaki ameiva bila kumfumua? Nimesoma pia kwamba samaki wa maji baridi wanaweza kuwa na minyoo, na hofu hiyo imenifanya niwakaushe mpaka wanakuwa kama gome. Na je, kambale anafaa?

JikoLaUani (Uyole, Mbeya)

Hofu yako kuhusu minyoo ina msingi, ndiyo maana samaki wa ziwani na mtoni hapaswi kuachwa na ubichi karibu na mfupa. Ila kuiva na kukauka ni vitu viwili. Tumia ile chale ya mgongoni, karibu na kichwa, penye nyama nene kuliko kwingine. Ingiza ncha ya kisu mpaka mfupani na usukume nyama kidogo: ikiachana na mfupa, ikiwa nyeupe bila kung'aa kama kioo, na pasiwe na damu nyekundu kando ya uti, ameiva. Jicho lake nalo litakuwa limegeuka jeupe kabisa, lakini jicho huwahi kuliko mgongo, kwa hiyo lisikudanganye. Ukiona bado, mhamishie upande wenye mkaa mchache na umfunike kwa sufuria iliyopinduliwa kwa dakika tatu. Atamalizikia hapo bila kuungua nje.

Kambale anafaa, ila ni kazi nyingine. Hana magamba, ana ute, na ute huo ndio utakaomgandisha kwenye wavu. Umwagie maji ya moto sana kwa sekunde chache, ukwangue utando mweupe utakaojitokeza, kisha chumvi na kufuta kama kawaida. Kwa kuwa ana mafuta mengi, usimpake mengine, na muda wote awe upande wa moto mdogo, kwa sababu mafuta yake yakidondoka juu ya mkaa mwingi moto utamfikia kabla yako. Mpe muda mrefu zaidi ya perege wa uzito huo huo, kwani ni mnene.

Sasa taarifa. Jumapili nilimpata mbasa wa karibu gramu 700, aliyepanda na gari la asubuhi kutoka Kyela, nikamchanja kama MtuWaMatema alivyoelekeza. Kisu changu nilichodhani ni kikali kilinichukua dakika 20 na kunolewa mara mbili. Nilimweka kwenye wavu wa kubana nilioazima kwa jirani, dakika nane upande wa kwanza na saba wa pili. Kuanzia katikati hadi mkiani miiba ilikuwa imekauka na tukaitafuna kama alivyosema. Mabegani, penye nyama nene, bado tuliitema, na nadhani chale zangu hazikushuka vya kutosha hapo. Tulimla na wali, pilipili mbichi iliyotwangwa na chumvi, na ndimu. Watoto walimaliza ngozi kabla sijakaa, na mimi nikapewa kichwa, ambacho kwa desturi ya nyumba yangu ni cha aliyesimama kwenye moshi.

MtuWaMatema

Mabegani kisu kilale kidogo kuelekea kichwani, ndugu. Ukikichoma wima kinagonga mfupa kabla hakijaifikia miiba.